Oveni ya Juu ya Kabati

Tulipomaliza matanga ya Baba, wazee wa ukoo walituketisha sebuleni, nyumbani kwa wazazi wangu Nyegezi, ili kila mtu aseme anataka kitu gani cha kumkumbukia. Mdogo wangu Masanja alichukua baiskeli. Baba mdogo aliomba koti. Mimi nilionyesha juu ya kabati la vyombo, kwenye oveni ndogo ya umeme yenye mlango uliofungwa kwa waya, na sebule nzima ikacheka.

"Kabula, hicho kibati?" baba mdogo akaniuliza. "Si kwako una jiko la gesi la plati nne?"

Nikasema ninalo, lakini nataka hicho. Mama peke yake hakucheka. Aliniangalia, kisha akashusha macho na kuanza kukunja pindo la kanga yake.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sitajificha. Simu ikiita alfajiri, roho yangu inafika makaburini kabla mkono haujafika kwenye simu. Mume wangu akichelewa kurudi kutoka kazini, mpaka anapiga hodi nimeshamlilia, nimeshamzika na nimeshaanza kufikiria ada za watoto. Yeye hunitania kwamba nimemzika mara nyingi kuliko mchungaji wa mtaa. Lakini wasiwasi wangu una mahali ulipoanzia, na ni pale kwenye ile oveni. Hadi leo nikisikia harufu ya kiazi kitamu kinachoiva na ganda lake, ile sukari inapotokeza na kuungulia kwenye wavu, mate yananijaa na hofu inanijia kwa pamoja.

Wakati huo tulipanga chumba na sebule Mabatini, kwenye nyumba iliyojengwa ubavuni mwa jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Juu ya jiwe hilo tulianika nguo, mihogo na dagaa, watoto tuliteleza hadi kaptula zikatoboka, na mtu mzima mwenye simu ya faragha alizunguka nyuma yake. Uani, kila mpangaji aliweka jiko lake la mkaa mbele ya mlango wake, kwa hiyo hakuna aliyepika kitu mwenzake asikijue.

Oveni ilikuwa zawadi ya harusi ya Mama kutoka kwa wanakwaya wenzake. Nilizaliwa nikaikuta ndani ya boksi lake juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki. Haikuwahi kuwashwa. "Ya wageni hiyo," Mama alisema, na wageni walikuja, wakala ugali na sangara, wakaaga. Nasi tulijua kwamba ukigusa boksi la Mama umejitafutia fimbo. Siku za Jumamosi alipanda kwenye kigoda, akafuta vumbi kwenye maua, akashuka, basi.

Kisha Mama akaenda kwao Sengerema. Alituambia anakwenda kumwangalia bibi, miguu inamsumbua. Niliona jinsi alivyonenepa, nikadhani ni wali wa sherehe za kwaya. Kwetu mtoto hakuambiwa mambo ya tumbo la mama yake, na kizazi changu kinajua kwamba hata kuuliza kulikuwa utovu wa adabu. Alitukumbatia mimi na Masanja, akasema, "Msimsumbue baba yenu." Baba akambebea begi mpaka kwenye gari.

Siku za mwanzo zilikuwa za kuchekesha. Baba alifanya kazi ya mizani kwenye ghala la mchele mjini, na mchana alirudi mbiombio kutupikia. Alichutama uani mbele ya jiko, suruali ya kazi imejaa vumbi la pumba, na wanawake wote wa nyumba ile walimtania.

"Baba Kabula, hayo maharage unayapika au unayapigia magoti?" Mama Getruda wa mlango wa pili alimwuliza.

"Nayaombea, shemeji. Yamekataa kuiva kwa kheri."

Kwa hiyo si kwamba Baba aliona haya kupika mbele za watu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo jambo lililonitesa. Angekuwa mwanaume wa kuona haya, nisingepata shida yote iliyofuata.

Siku hiyo nilikuwa nachambua mchicha karibu naye. Maharage yalikuwa yanachemka. Simu yake ikaita, akatazama kioo, akazunguka nyuma ya jiwe. Nilisikia akisema, "Lini?" Kisha kimya kirefu. Kisha, "Ndiyo. Nimesikia. Ndiyo." Aliporudi alipita kana kwamba sipo. Akaipua sufuria, akaiweka chini, akachota kopo la maji kwenye ndoo na kuyamwaga yote kwenye mkaa unaowaka.

Jiko lililia shaaa! Majivu yakaruka hadi usoni pangu. Mama Getruda aliyekuwa anafagia akasimama na ufagio mkononi, akaangalia jiko, akamwangalia Baba, akaingia ndani kwake bila neno.

Nilijua maana yake. Miezi michache nyuma alikuwa amefariki Mzee Lukas, jirani yetu aliyetoka kijiji kimoja na Baba, na mimi nilikuwepo uani kwake wakati dada zake walipowasili. Kabla hata ya kukaa walimwagia maji jiko la nyumba ile. Baba alinieleza kwamba kwao mtu akifa, moto wa nyumba yake nao unalazwa. Majirani ndio wanaopika, na nyumba yenyewe inakaa baridi hadi msiba uishe. Wakafunga mapazia, wakatoa viti, watu wakaketi kwenye mkeka. Mwishoni wakalifungua sanduku la marehemu lililokuwa likikaa na kufuli miaka yote, wakagawa vilivyokuwemo.

Basi nikasimama mlangoni na mchicha wangu nikimwangalia Baba. Alifunga mapazia, jua likiwa utosini. Alisogeza viti ukutani. Kisha akapanda kwenye kigoda, akaondoa maua ya plastiki, akaondoa kitambaa, na akalishusha boksi la Mama.

Boksi la mtu hufunguliwa na wengine siku ambayo mwenyewe harudi tena. Hivyo ndivyo nilivyojua, na hakuna aliyewahi kunifundisha vingine.

"Leo tunakula kisasa," Baba alisema, akikata gundi ya boksi kwa kisu. Sauti yake ilikuwa kavu.

Aliiweka oveni mezani na kuchomeka waya. Nyaya za ndani zikaanza kuwa nyekundu, na ikatoa harufu ya bati jipya na gundi. Alipanga vipande vya mkate vyenye siagi, akazungusha swichi ya saa, nayo ikaanza, tik, tik, tik. Sikuwa nimewahi kuona kitu kinachohesabu kuelekea jambo ambalo sijui ni lipi. Nilikaza meno hadi ikalia, ting! Masanja akapiga makofi. Yeye alikuwa mdogo, alidhani tumetajirika.

Tangu siku hiyo jiko la nje halikuwashwa. Maharage ya nusu yalimwagwa. Mama Getruda alileta ugali na samaki kwenye bakuli lililofunikwa, akampa Baba mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, baba." Akaondoka bila kukaa, wala hakumtania. Jioni Baba alikaa chini kwenye mkeka wakati viti vipo. Kila dalili ilipokuja niliiweka juu ya mwenzake, na mlima ukazidi kupanda. Usiniulize kwa nini sikuuliza. Kwenye kichwa changu, mpaka mtu mzima aseme, Mama alikuwa bado hajafa vya kutosha. Nikiuliza, atajibu, na akijibu itakuwa kweli. Masanja, ambaye hakuwa na akili hizo, alikuwa akiuliza, "Mama anarudi lini?" na mimi nilikuwa naziba masikio haraka kabla jibu halijatoka.

"Karibu," Baba alijibu. Niliisoma midomo yake.

Halafu kulikuwa na suala la kula. Kwa Mzee Lukas, mjane wake alikataa chakula kabisa, mpaka bibi mmoja akamshika kidevu na kumwambia, "Kula, mwanangu. Ukila umekubali." Akala kidogo, na papo hapo akalia kilio ambacho sijakisahau. Nikaelewa kwamba kula ndiko kunakomaliza jambo. Mimi nisipokula cha nyumba ile, nitakuwa sijakubali, na Mama atakuwa na pa kurudia.

Sikujua kwamba kwa kufanya hivyo nilikuwa nampa Baba kazi. Alianza kuhangaika na ile oveni kama mtu anayefanya mtihani. Asubuhi mkate na yai alilolipasulia katikati ya kipande. Mchana, akitoka ghalani na dakika chache tu za kukaa, alitupia ndizi na nyanya kwenye trei, ting, tayari. Jioni sato aliyekatwa vipande, chumvi na limau. Mafuta ya yule samaki yalichuruzika kwenye nyaya, moshi ukajaa sebule iliyofungwa mapazia, tukakohoa wote watatu na hakufungua dirisha. Mimi nilimega, nikazungusha mkono hadi mdomoni, nikaficha kwenye kiganja. Kuku wa Mama Getruda walinenepa nyuma ya jiwe. Nilijishikiza na uji wa shuleni na mapera ya kuokota.

"Imeungua?" Baba aliniuliza. "Lete." Alichukua kipande changu, akabandua upande mweusi akautia kinywani mwake, akanirudishia upande mzuri. Nilitamani kuula kwa ajili yake. Nilimpenda mno wakati ule, na nilimwogopa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na lile neno.

Jumamosi mchana miguu iliisha nguvu. Nilikuwa naanua nguo juu ya jiwe, nikaona jiwe linakuja. Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye mkeka sebuleni, kichwa changu mapajani mwa Baba, na mezani oveni inahesabu, tik, tik. Harufu ya viazi vitamu imejaa chumba.

"Kabula," alisema. "Kuku wa jirani wamenieleza kila kitu. Nifanyeje, mwanangu, ili ule?"

"Washa jiko la nje."

"Siwezi kuliwasha. Bado."

Neno likanitoka lenyewe. "Basi Mama amekufa."

Baba alijiziba mdomo kwa mkono. Nikaona macho yake yanajaa, nami nikasema moyoni, tayari, imekuwa.

"Nani kakwambia?"

"Umelaza moto. Umefungua boksi lake."

Nilimtazamia acheke, aniambie mimi ni mjinga, mambo yaishe. Hakucheka. Alisema taratibu, "Mama yako yu hai. Aliumwa sana, nami niliogopa. Lakini yu hai."

"Apa."

Hakuapa. Aliinuka, akatoa viazi kwenye oveni vikiwa vya moto, akavifunga kwenye gazeti, juu ya gazeti akafunga kile kitambaa cha kufuma cha Mama. "Vaa viatu," akasema. "Mvalishe na mwenzako."

Siku hizi daraja lipo, gari linaingia Busisi kabla hujamaliza kufungua chupa ya maji. Enzi zile ilibidi kushuka kwenye gari Kigongo na kusubiri kivuko, na kivuko kilikuwa upande wa pili, kidogo kama kiatu. Nilishika mkanda wa Baba. Kilipokuja tukasimama katikati ya wanawake wenye matenga ya nyanya na ng'ombe wa mtu fulani aliyekataa kutulia. Masanja alikuwa anashangilia maji. Mimi nilikuwa natafuta kwenye uso wa Baba kama tunakwenda kwa mgonjwa au kwenye maziko. Aliyeshindwa kuapa anaweza kutupeleka popote. Kifurushi kilikuwa bado na joto kifuani pangu, na sikukiachia.

Hospitalini Sengerema, wodini, nilimwona Mama kabla hajaniona. Kitanda cha karibu na dirisha. Alikuwa amekonda hadi shingo imekuwa ya mtu mwingine, na ule unene wa kwaya wote umekwisha. Nilikwenda miguuni kwake, nikagusa vidole kupitia shuka. Vilikuwa vya moto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alijaribu kuinuka. "Kabula! Mbona umekonda?"

"Na wewe."

Akacheka, akajishika tumbo, cheko likaishia njiani. Nilifungua kitambaa. Aliona ni kitambaa chake, akaona viazi, akamtazama Baba. "Umeishusha," akasema. Baba akaitikia kwa kichwa. Mama alimenya kiazi kimoja akala, na mimi nikala viwili pamoja na maganda, nikalia huku natafuna, na muuguzi akamwuliza Baba kama huyu mtoto huwa halishwi.

Kabla hatujaondoka Baba aliinama karibu yake. "Mlimlaza wapi?"

"Kando ya migomba ya mama," Mama alijibu, akageukia dirisha. Nilidhani wanazungumzia mgonjwa aliyekuwa kitanda cha jirani. Nilishiba, Mama alikuwa hai, sikuwa na haja ya kudhani zaidi.

Mama aliporudi nyumbani, kabla ya kusalimiana na majirani, alichutama uani akawasha jiko yeye mwenyewe. Oveni haikurudi kwenye boksi. Ilitulisha mimi na Masanja hadi tulipoondoka kwa wazazi wetu. Mikate ya asubuhi za shule, viporo vya pilau, samaki wa Baba wa Jumapili. Mlango ukalegea, Baba akaufunga waya. Lakini ile hofu haikuondoka na njaa. Ilibaki nami, ikakua, ikaolewa.

Sasa nirudi siku ile ya kugawana vitu. Wazee walipotoka na nyumba kutulia, Mama aliniita. Tulikuwa wawili tu sebuleni. Masanja alikuwa nje anapima upepo wa baiskeli ya marehemu.

"Unajua kwa nini aliishusha ile?" akaniuliza.

"Nilijua mwenyewe wakati ule, Mama. Nikakosea."

Akatikisa kichwa. Akanieleza bila kupamba, akitazama mkeka. Kulikuwa na mtoto. Msichana. Alizaliwa kabla ya siku zake, akalia mara moja, na Mama alimsikia. Kwetu mtoto mchanga wa hivyo anazikwa na wanawake, wanaume hawaendi, na hakuna matanga. Bibi ndiye aliyepiga simu. Baba aliomba aje, bibi akamwambia baki na watoto, haya ni ya wanawake, na huyu hakaliwi matanga.

"Basi baba yako akasema kama kule hana nafasi, atamlilia nyumbani kwake. Akalaza moto, kama mtu mzima amekufa. Wazee wa kwao walimcheka baadaye. Lakini nyinyi mlipaswa kula, na sio bakuli la Mama Getruda asubuhi mchana jioni. Akakumbuka ile. Aliniambia ile haina moto, ina umeme tu, haivunji kitu."

Nilikuwa namwona Baba amekaa mkekani na mapazia yamefungwa, akigeuza mkate wa mtoto anayekataa kula.

"Hukukosea, Kabula," Mama akasema. "Nyumba ilikuwa na msiba. Ulikosea mtu tu."

Nikamwuliza kama alipewa jina. Akasema hakupewa. Kisha akajifuta uso kwa pindo la kanga, akaniambia, "Ishushe hiyo. Chini ya meza kuna viazi vimebaki."

Niliishusha. Niliichomeka karibu na mkeka, nikapanga viazi ndani, nikafunga mlango wake kwa waya, nikazungusha swichi. Nyaya zikawa nyekundu polepole. Mama aliinuka akafunga pazia moja, nikafunga la pili. Tukakaa chini, mimi naye, tukamkalia matanga yule mtoto kwa mara ya kwanza, hadi kengele ikalia. Kiazi kimoja kilikuwa kimeungua upande. Mama alinyoosha mkono akichukue, nami nikaunyoosha wangu, tukakigawana.